Miaka ya Paris, Asilimia za Dar es Salaam

Desemba 28, 2018, Rais John Magufuli alikaa Ikulu ya Dar es Salaam na viongozi wa vyama vya wafanyakazi pamoja na wakuu wa mifuko ya hifadhi ya jamii. Kikao kilipokwisha, kikokotoo kipya cha pensheni kilikuwa kimesitishwa, na cha zamani kimeagizwa kiendelee hadi 2023. Mwaka huo ulipofika ikawa zamu ya Wafaransa. Machi 7, 2023 waliingia barabarani kupinga sheria mpya ya ustaafu: Wizara ya Mambo ya Ndani ikahesabu waandamanaji milioni 1.28, chama cha wafanyakazi cha CGT kikasema ni milioni 3.5. Wazoa taka wa Paris waligoma mwezi huo, na mifuko ya taka ikalundikana kwenye vichochoro vya jiji.

Kwa mbali huu ni ugomvi mmoja, wa mfanyakazi anayeudai uzee wake. Kwa karibu ni magomvi mawili. Hakuna aliyeandamana Paris akiuliza siku ya kwanza ya kustaafu atakabidhiwa euro ngapi mkononi, na hakuna aliyekasirika Dar es Salaam kwa sababu ya umri. Mfaransa aligombea miaka 2, kutoka 62 hadi 64. Mtanzania aligombea asilimia: katika mafao yake, ni sehemu gani apewe kwa mkupuo na ni sehemu gani idondoke mwezi kwa mwezi. Umri wa kustaafu Tanzania ni 55 kwa hiari na 60 kwa lazima (maprofesa na madaktari bingwa huenda hadi 65), na sijawahi kusikia maandamano juu yake.

Tuanze na Wafaransa, ambao wenzetu wengi huwaona kama watu wanaopenda kupumzika. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Kwao umri wa kustaafu ni mpaka uliochorwa kwa mapambano, nao unahesabiwa pamoja na likizo ya malipo waliyoipata 1936. Mwaka 1982, chini ya François Mitterrand, umri ulishushwa kutoka 65 hadi 60. Mageuzi ya 2010 yakaupandisha hadi 62, na ya 2023 yakalenga 64. Oktoba 2025 Waziri Mkuu Sébastien Lecornu alitangaza kuyasimamisha hayo ya mwisho mpaka baada ya uchaguzi wa rais wa 2027. Kila upande unajua kinachobishaniwa, yaani miaka ambayo mtu bado ana nguvu na mwajiri hana tena haki nayo. Ndiyo maana wacheza densi wa Opera ya Paris, ambao mfuko wao wa pensheni una asili ya enzi za Louis XIV, wanastaafu wakiwa na miaka 42 na wananchi wengi hawaoni ajabu. Mwili una muda wake, na sheria imeukubali muda huo.

Sasa ingia kwenye semina ya wastaafu watarajiwa katika ukumbi wa halmashauri yoyote ya Tanzania. Wenye miaka 58 na 59 wamekaa na daftari. Afisa wa mfuko anaeleza fomu, nakala za barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini, picha za wategemezi. Baada ya chai anasimama mtaalamu wa ufugaji wa kuku, kisha mtu wa benki, kisha anayeonya juu ya matapeli wanaojua tarehe ya malipo kuliko mstaafu mwenyewe. Humo ndani huwezi kusikia neno juu ya kupumzika. Kinachozungumzwa ni fremu za maduka, kisima, bodaboda 2 za mkataba, shamba la parachichi Njombe. Ustaafu kwao ni siku ya kubadili kazi, na mkupuo ni mtaji wa kazi ya pili. Ukimpunguzia mtu huyu mkupuo umemnyang'anya mtaji, hata kama umemwongezea pensheni ya mwezi.

Wapo wanaosema kupenda mkupuo ni utamaduni wa Kiafrika. Historia haiwaungi mkono. Augusto, mfalme wa Roma, aliwaahidi askari wake wa miguu sestertii 12,000 kwa mkupuo baada ya miaka 20 ya utumishi, na mwaka 6 B.K. akaunda mfuko maalumu wa kuwalipa, ukijazwa kwa kodi ya asilimia 5 ya urithi. Alipofariki mwaka 14, askari wa mto Rhine waliasi. Kati ya malalamiko yao lilikuwa hili, kwamba walizuiwa kuondoka muda wao ulipokwisha. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba wazee kadhaa waliushika mkono wa jemadari Germanicus kana kwamba wanataka kuubusu, wakauingiza vinywani mwao ili apapase ufizi usio na meno. Madai ya Dar es Salaam na madai ya Paris yalikuwa pamoja katika kambi ile, mtaji wa kuanzia maisha na umri wa kuachiwa.

Pensheni ya kila mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida ina asili nyingine. Juni 1889 Ujerumani ya Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya uzee, wakati majeshi ya Kijerumani ya Wissmann yakipigana na wapiganaji wa Abushiri katika mwambao wa Bagamoyo na Pangani. Wengi huamini Bismarck aliweka miaka 65. Aliweka 70, na 65 ilikuja 1916. Sheria ile ilimchukulia mfanyakazi wa kiwandani kama mtu asiye na kitu cha kurudia: kijiji amekihama, shamba hana, mikono imechoka. Alichohitaji ni ujira mdogo wa kuendelea kula.

Waingereza nao walipotunga sheria za akiba ya wafanyakazi katika makoloni yao hawakuleta bima ya namna hiyo. Walileta mifuko ya akiba: Malaya 1951, Singapore 1955. Nchi zetu zilipojitawala zikafuata njia ileile, Tanganyika 1964, Kenya 1965, Uganda 1967. Mfanyakazi akikatwa, mwajiri akiongeza, mwisho wa safari anachukua chote. Hesabu iliyokuwa nyuma yake haikutamkwa sana, kwamba Mwafrika ana kwao, na uzeeni atarudi huko. Sheria ikazaa tabia, na leo tabia inaitwa utamaduni. Tanzania iliugeuza mfuko wake kuwa wa pensheni kwa sheria ya 1997. Kenya ilipitisha sheria kama hiyo 2013, ikazuiwa mahakamani, na kuanza kutekelezwa Februari 2023. Uganda imebaki na akiba.

Tuchukue mwalimu mmoja wa kubuni, mshahara wake wa kukokotolea sh. 1,200,000 kwa mwezi, amechangia miezi 360, yaani miaka 30. Tuache kando namna mshahara huo unavyopatikana, maana nako kuna mabadiliko. Kwa kikokotoo cha zamani cha watumishi wa umma (1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa mchango, mkupuo asilimia 50 ya hapo, ikizidishwa kwa kizidisho cha 15.5) angepokea mkupuo wa sh. 74,400,000 na pensheni ya sh. 400,000 kwa mwezi. Kwa kanuni zilizositishwa Ikulu (1/580, asilimia 25, kizidisho 12.5) mkupuo ungeshuka hadi sh. 27,931,034, na pensheni ingepanda hadi sh. 558,621. Kwa kanuni za Julai 2022, zenye asilimia 33, anapata sh. 36,868,966 na sh. 499,034. Kwa marekebisho ya bajeti ya 2024/25, yaliyowapa asilimia 40 wale waliokuwa wakipata 50, anapata sh. 44,689,655 na sh. 446,897.

Linganisha sasa cha zamani na cha 2022. Mkupuo umepungua kwa sh. 37,531,034. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa sh. 99,034. Ukiigawa hasara ya kwanza kwa faida ya pili unapata miezi 379, zaidi ya miaka 31. Mwalimu aliyestaafu akiwa na 60 ataifidia hasara yake akipita 91. Walimu wa hisabati waliifanya hesabu hii ubaoni kabla ya wanasiasa, na wataalamu waliokuja kuwaambia kwamba hawajaelewa kikokotoo walijitafutia hasira.

Upande wa pili nao una hoja, tena nzito. Kikokotoo cha zamani kilikuwa kinatoa zaidi ya kilichochangwa. Mfuko wa watumishi wa serikali kuu ulianza kupokea michango 1999, lakini ukabebeshwa malipo ya miaka ya utumishi ya kabla ya hapo, miaka ambayo hakuna aliyeichangia. Deni hilo lilikuwa la serikali, na serikali ililikiri ilipotoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya sh. trilioni 2.17 kwa PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko 4. Kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi kwamba kapunguziwa, na mfuko ulikuwa sahihi kwamba hauwezi kulipa. Lisilokuwa sahihi, kwa maoni yangu, ni kumwambia mwalimu kwamba punguzo ni kwa faida yake.

Hata hivyo, pensheni ya mwezi ina kipawa ambacho mkupuo hauna: haiishi mtu akiwa hai. Mmarekani Ida May Fuller, katibu muhtasi wa Vermont, alichangia dola 24.75 tu katika miaka 3 ya mwanzo ya mfumo wa pensheni wa Marekani. Alipokea hundi ya kwanza ya kila mwezi Januari 1940, akaendelea kupokea hadi alipofariki 1975 akiwa na miaka 100. Jumla ilifika dola 22,888.92. Hakuna fremu ya duka iliyompa mtu faida ya namna hiyo. Lakini hesabu ya Ida May inamfaa anayeishi muda mrefu, na familia za kwetu huanza kwa kuuliza juu ya kifo. Mstaafu wa PSSSF akifariki, wategemezi wake hulipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36, kisha basi. Mjane wa Kijerumani, akitimiza masharti ya umri au ulezi, hupata hadi asilimia 55 ya pensheni ya marehemu maisha yake yote, mradi asiolewe tena. Hapa ndipo mkupuo unapoonekana una akili. Mzee anayeugeuza kuwa nyumba ya vyumba 6 vya kupangisha anajitengenezea ile pensheni ya mjane ambayo sheria haikumpa.

Kabla ya uzee kuna kiu ya kati. Mfanyakazi wa miaka 42 aliyepunguzwa kazini ana fedha zake mfukoni mwa mtu mwingine, na ada za shule hazisubiri. Tanzania iliwahi kuwa na fao la kujitoa. Sheria ilipolifuta 2012, wafanyakazi wa migodini walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi, na hoja yao ilikuwa ya wazi: mikataba ya mgodini ni mifupi, vumbi halihesabu miaka, nani atafika 55? Tangu 2018 kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Uganda ilichagua njia nyingine. Marekebisho yaliyotiwa saini Januari 2022 yanamruhusu mwanachama mwenye miaka 45, aliyeweka akiba kwa miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake, na mwenye ulemavu hadi asilimia 50 akiwa na 40. Ni mlango mdogo wenye kufuli.

Chile ilifungua mlango wote. Nchi hiyo, chini ya Pinochet, ilihamisha pensheni za wafanyakazi mwaka 1981 kwenye akaunti binafsi zinazosimamiwa na kampuni (wanajeshi na polisi wakabaki kwenye mfumo wao wa zamani, jambo ambalo Wachile hawakulisahau). Wakati wa korona Bunge liliruhusu watu kutoa asilimia 10 ya akiba zao, mara 3 ndani ya mwaka mmoja, kuanzia Julai 2020. Watu walikula, wakalipa madeni, wakaheshimika. Zaidi ya watu milioni 2, wenye akiba ndogo, wakabaki na akaunti tupu. Kati ya kufuta fao lote kama tulivyofanya sisi 2012 na kuachia mara kwa mara kama Chile, ile asilimia 20 ya Waganda naiona ndiyo busara ya ukanda huu.

Na anayetaka kuondoka mapema kwa hiari yake? Mjerumani anajua bei hadi sehemu ya kumi. Umri wake wa kawaida unaelekea 67 kwa waliozaliwa 1964 na kuendelea. Akiwa na miaka 35 ya michango anaweza kuondoka akiwa na 63, na kila mwezi wa kuwahi unamkata asilimia 0.3 ya pensheni, milele, hadi asilimia 14.4. Akiwa na miaka 45 ya michango anaondoka na 65 bila kukatwa kitu. Mwashi aliyeanza akiwa na 17 anaifikia, mhandisi aliyemaliza chuo na 27 haifikii, na watunga sheria walikusudia iwe hivyo. Ufaransa nayo ina mlango wa walioanza kazi wakiwa wadogo. Mmarekani anaweza kuanza kuchukua akiwa na 62, na aliyezaliwa 1960 au baadaye atakubali kupungukiwa asilimia 30. Akisubiri hadi 70 anaongezewa.

Mwalimu wetu akiondoka na 55, akiwa na miezi 300 badala ya 360 na mshahara uleule, anapata mkupuo wa sh. 37,241,379 na pensheni ya sh. 372,414. Amepoteza zaidi ya milioni 7 za mkupuo na karibu sh. 74,500 za kila mwezi, mbali na nyongeza za mshahara za miaka 5 ambazo zingeikuza hesabu yote. Amepata nini? Mtaji miaka 5 mapema, magoti yakiwa bado yanapanda mlima. Kwa anayekwenda kulima, hiyo si bei mbaya. Kwa anayekwenda kukaa barazani ni bei mbaya sana, na Mjerumani angekuwa mwepesi kumwambia.

Vijana wa mjini siku hizi wanazungumzia ustaafu wa Kimarekani, wa kuacha kazi na miaka 40: weka nusu ya kipato, nunua hisa, kisha chukua asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, na kila mwaka unaofuata kiasi hichohicho kikipandishwa kwa mfumuko wa bei. Kanuni hiyo aliitoa mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994, akiipima kwa hisa na hatifungani za Marekani kuanzia 1926. Ni kazi ya heshima, ila imepimwa kwa dola na kwa mtu ambaye wadogo zake hawamsubiri awasomeshe.

Yote haya yanamhusu mwenye mwajiri. Mama ntilie, mvuvi, na saidia fundi aliyeanza kubeba zege akiwa na miaka 17 kama yule mwashi wa Kijerumani mara nyingi hawana mwezi hata mmoja kwenye kumbukumbu za mfuko wowote. Kwao mfano wa karibu ni Uingereza ya 1908, iliyowapa maskini wenye miaka 70 shilingi 5 kwa wiki kutoka hazina bila kuwadai mchango. Zanzibar ilifanya hivyo Aprili 2016 kwa Pensheni Jamii, sh. 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70, bila kuuliza kama ni maskini au tajiri. Baadaye ikapandishwa hadi sh. 50,000. Waingereza wa 1908 walimpima mzee kipato na tabia kwanza. Katika hili Unguja na Pemba zimekuwa na adabu zaidi kuliko London ya wakati ule.

Kuna jambo moja linalofanana kila mahali, nalo ni ushahidi. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha malipo ya malimbikizo ya askari wa Kiafrika waliopigana chini ya jemadari wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti vya 1918, wengine walileta vipande vya sare. Ofisa wa benki aliyetoka Ujerumani akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki. Inasemekana hakuna aliyekosea.

Mfuko wa leo hautakupa ufagio. Utakuuliza michango, na mwezi ambao mwajiri alikukata bila kupeleka hautaonekana mpaka uuonyeshe kwa hati ya mshahara. Basi kama una miaka 30 au 40, usingoje semina ya wastaafu watarajiwa. Omba taarifa yako ya michango mwezi huu, ikague mwezi kwa mwezi pembeni ya hati zako za mshahara, na penye pengo mwandikie mwajiri barua huku nakala ikienda kwa mfuko, wakati ofisi yake bado ina mlango wa kugonga.